Monika Ameomba Muwe Watatu Botini

Mwanangu Shomari,

Mama yako amekwisha kufunga mizigo yako, na yote ambayo mzazi humwambia mtoto anayeondoka ameyasema yeye: uchemshe maji ya kunywa, usilale bila chandarua, usiache sala, upige simu kila Ijumaa. Hapo sina la kuongeza. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja lililotokea leo alasiri barazani petu, tulipokuwa tumezunguka sinia la pilau ya kukuaga. Nilivyokuona ukitoka baadaye kwenda kuwaaga rafiki zako, ulikuwa umekwisha kulisahau.

Ningeweza kukusubiri tukazungumza. Lakini ninajijua. Nikiwa mbele yako nitapandisha sauti kana kwamba niko darasani, nawe utanyamaza kwa heshima, nami nitachukulia kuwa umeelewa. Nimewahi kukosea hivyo hivyo kwa kunyamaza kwa mtu mwingine, na nitakueleza habari zake.

Kwanza nikurudishie maneno ya leo kama nilivyoyasikia mimi. Mtu aliyefanya mzaha huukumbuka mzaha wake tu; lililoutangulia halikumbuki.

Nesi Monika na nahodha Zuberi walikuja Kibiti kuchukua dawa za zahanati yenu ya deltani, ili kesho uende nao kwa gari mpaka bandari ya Nyamisati, mpande boti pamoja. Tukawakaribisha chakula. Wewe ndiye mganga mfawidhi wao mpya, kwa hiyo walikuwa wakiketi na mkubwa wao kwa mara ya kwanza. Monika alingoja watu wamalize kula. Akanawa mikono, akakugeukia, akasema kwa adabu:

"Mganga, kabla hatujafika kazini nina ombi. Zile safari za kupeleka chanjo vijijini, naomba tuwe watatu kwenye boti. Nisiwe mimi na nahodha peke yetu."

Ukacheka. "Haya sasa! Mnyamwezi wewe, babu zako walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, hawakuuliza wanakwenda na nani. Leo umewekewa boti ya injini, unachagua abiria?"

Watu wakacheka, nami nilitabasamu. Wanyamwezi na sisi wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, na huo ulikuwa utani wa kawaida. Monika naye hakubaki nyuma.

"Walibeba kwa sababu nyinyi wa pwani mlikuwa mmelala, mtani."

Tukacheka zaidi. Lakini hakuwa amemaliza. Aliacha kicheko kipite, akasema kwa sauti ya chini, "Ila ombi langu ni la kweli, Mganga."

Hapo ndipo uliposema: "La kweli lipi? Unaogopa mamba, au unaogopa utampenda Zuberi? Wanawake bwana! Mkiachwa peke yenu mnalalamika, mkipewa mwanamume mnalalamika."

Zuberi akaingilia: "Mwache, Mganga, usimtie haya mtoto wa watu. Atazoea tu."

Baraza zima likaangua kicheko. Monika naye alicheka. Kisha akainama, akaanza kukusanya sahani ambazo hakuna aliyemwomba azikusanye.

Wewe ulikuwa ukiwatazama waliocheka. Mimi nilimtazama Zuberi. Aliendelea kucheka hata wenzake walipokwisha kunyamaza, na muda wote huo hakukutazama wewe uliyefanya mzaha. Alimtazama Monika.

Ulipotoka, Monika alimfuata mama yako jikoni. Nilikuwa nyuma ya ukuta ninatawadha, nikasikia.

"Mama, naomba leo nilale hapa kwenu."

"Si mmechukua vyumba gesti?"

"Tumechukua, Mama. Cha nahodha kinatazamana na changu."

Mama yako hakuuliza zaidi. Alikwenda kutandika kitanda cha dada yako. Nilipokutana na Monika uani nikamwuliza, "Binti, kuna jambo?" Akanijibu haraka, na uso wa tabasamu: "Hakuna, Mzee. Ni utani tu. Tumezoea."

Neno hilo la kuzoea nimelisikia mara mbili leo, kwake na kwa Zuberi. Zamani nililisema mwenyewe. Ndiyo maana sijalala.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa mwalimu mkuu visiwani, hukohuko deltani, kwenye shule ambayo sitaitaja jina. Unajua pia kwamba niliomba kuhamishwa kutoka huko, na umekua ukiambiwa kuwa ni kwa ajili ya afya ya mama yako. Mama yako hakuwa mgonjwa.

Mwaka mmoja tuliletewa mwalimu wa kike, Mwalimu Skola, Mngoni wa Songea, kijana mwenye sauti kubwa na miguu isiyojua kutembea kwenye tope. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa kike. Siku aliyoshuka kwenye mtumbwi, Mwalimu Mbwana, aliyekuwa akifundisha hesabu, alimpokea kwa kelele: "Ficheni kuku! Mngoni amefika!" Na yeye, kabla hajatua sanduku lake, akajibu: "Wandengereko nyinyi, mlipoziona ngao zetu mlikimbilia mikokoni, hadi leo miguu haijakauka tope." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilijisemea kwamba tumepata mwenzetu.

Usidhani, Shomari, kwamba ninauchukia utani. Alipofariki babu yako, mtani wetu mmoja wa Kingoni, mwanamke wa makamo, aliingia matangani amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akaanza kukohoa kama alivyokohoa yeye na kumfokea kila mtu kwa kuchelewesha chai. Nilikuwa sijala tangu alipokata roho. Nilicheka na kulia kwa pamoja, kisha nikala. Mwanamke yule alinitendea jambo ambalo ndugu zangu hawakuliweza. Lakini tazama alikuwa nani kwangu. Hakuwa mkubwa wangu wala mdogo wangu. Ningeweza kumrudishia palepale, na akifiwa yeye nitakwenda kwao kumfanyia vilevile.

Mimi niliingiza utani huo katika chumba cha walimu bila kujiuliza kama mlango wake ni mmoja na ule wa nyumba ya msiba.

Siku moja Mwalimu Skola alimshinda Mbwana kwa maneno mbele ya wote, kama alivyozoea. Mbwana alipokosa la kusema juu ya Wangoni, akageukia jambo jingine. "Mwanamke mwenye ulimi huu, ndiyo maana hajaolewa."

Skola akasema, "Na wewe uliyeoa, mkeo anasemaje?"

Kicheko kilichotoka siku hiyo kilimwangukia Mbwana, naye hakukipenda. Jioni alikuja ofisini kwangu amenuna. Nami, badala ya kumwambia kwamba aliyeanza ndiye aliyejibiwa, nilimwita mwalimu wa kike.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe ni mwanamke na ni mgeni. Punguza ulimi."

"Na Mwalimu Mbwana umemwambia apunguze?"

"Mbwana ni mtani wako."

"Na mimi ni nani wake?"

Nilimwambia kwamba mazungumzo yamekwisha, naye akatoka.

Tangu siku hiyo hakujibu tena. Mbwana na wenzake walisema waliyoyasema, juu ya mwendo wake, juu ya nguo zake, juu ya namna alivyofaulu mitihani ya chuo, naye alitabasamu na kuinamia madaftari ya wanafunzi. Chumba cha walimu kilikuwa na amani. Nilimwambia mama yako kwa furaha kabisa, "Yule binti sasa amezoea." Maneno hayo ni yangu, Shomari. Sikuyasikia kwa mtu.

Kisha ikaja siku ya kikao. Mwalimu Skola alikuwa akiishi katika nyumba ya mwisho ya walimu, ile iliyokuwa karibu na mikoko, na mlango wake haukuwa na komeo. Alinyoosha mkono akaomba shule imnunulie komeo. Lilikuwa ombi dogo. Fundi alikuwepo kijijini, na komeo lingepatikana hata kwa mwenye duka wa hapo.

Mbwana akadakia: "Komeo la nini? Babu zako walivunja milango ya watu, leo wewe unataka kujifungia? Uache wazi, watani tuingie!"

Wanaume wote wakacheka. Nami nilicheka, mwanangu. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikacheka, nikasema, "Tuendelee na ajenda inayofuata." Hakuna aliyelipinga ombi lake. Hakuna aliyelikubali. Lilizama katika kicheko, na nilipokuwa nikifunga kikao sikukumbuka kwamba liliwahi kuombwa.

Nilidhani mzaha huishia pale kicheko kinapoishia. Sikujua kwamba una miguu. Mbwana aliusimulia bandarini. Vijana wa mitumbwi waliuchukua, ukaenda kijiji cha Salale na mzigo wa kamba waliovuliwa, ukarudi. Watu wasiomjua Mwalimu Skola kwa sura walikuwa wakijua kwamba mlango wa mwalimu wa kike hauna komeo, na kwamba walimu wenzake hucheka wakiutaja. Siku moja nilimsikia kijana akimpigia mluzi alipokuwa akipita na ndoo ya maji: "Mwalimu, tunaingia leo?" Wenzake wakacheka. Nilikuwa umbali wa kutosha kujifanya sikusikia, na hivyo ndivyo nilivyofanya.

Kilichotokea baadaye sitakiandika chote, kwa kuwa sikuwepo, na kwa kuwa si changu kukieleza. Mtu mmoja, mvuvi wa kambi ya jirani ambaye hakuwahi hata kumsalimia, aliingia kwake usiku. Skola alitoka kwa dirisha. Maji yalikuwa yamejaa, na hapakuwa na njia nyingine ya kukimbilia ila mikokoni. Alikaa humo ameshikilia mizizi, majini, katika mto ambao wewe mwenyewe unajua una nini ndani yake, mpaka kulipopambazuka. Wanawake waliokuwa wakienda kutafuta kaa ndio waliomkuta. Walisema hakuweza kuachia mzizi. Ilibidi wamfungue vidole.

Wazee walimwita yule mtu. Hakukana. Hakuonyesha hata kuogopa sana. Alionekana kama mtu aliyeshangazwa. Alisema, nami nilikuwa nimeketi mbele yake kama mwalimu mkuu: "Mimi nilijua ni mambo yanayojulikana. Walimu wenyewe wanasema mlango uko wazi. Hata mkubwa wao anacheka."

Hakuna aliyenigeukia. Wazee wale walikuwa na adabu. Walitazama chini, wote, kwa pamoja, na hilo lilikuwa zito kuliko kama wangenitazama.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama yako kila kitu, na nilisimulia kwa hasira, nikimlaani yule mvuvi na kumlaumu Mbwana. Mama yako alikuwa akipepeta mchele. Aliacha ungo, akaniuliza neno moja tu.

"Nawe ulicheka?"

Mwalimu Skola aliomba uhamisho. Nilimtilia saini siku hiyohiyo. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: alipopanda mtumbwi na sanduku lake, sikuona huzuni kwanza. Niliona nafuu. Nilifurahi kwamba sitauona uso wake kila asubuhi. Huzuni ilikuja baadaye, na haijaondoka, lakini haikuwa ya kwanza, na sitaki ufikiri baba yako ni mtu bora kuliko alivyo.

Mbwana je? Alistaafu salama. Tukikutana Ikwiriri hunisalimia kwa furaha na kuniita mtani wangu kwa mzaha. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitisha zaidi ninapokukumbuka leo alasiri. Ulikuwa mchangamfu, ulikuwa umependeza, na ulikuwa ukitaka watu wako wapya wakupende.

Ninajua utakalosema. Utasema, "Baba, kazini bila mzaha watu watachokana." Ni kweli. Utasema tena kwamba Monika mwenyewe ni mtani hodari, na kwamba alikujibu. Ni kweli pia. Alikujibu pale uliposema juu ya Wanyamwezi. Uliposema juu ya wanawake, hakukujibu. Angekujibu nini? Kesho wewe ndiye utakayempangia zamu, utakayempa ruhusa, utakayemwandikia ripoti. Aliyewatania babu zake alikuwa mtani wake. Aliyeuchezea uanamke wake mbele ya Zuberi alikuwa mkubwa wake wa kazi, na mkubwa wa kazi hana watani chini yake. Nilichelewa kulijua hilo, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni mtu mwingine.

Sina kipimo cha kila mzaha. Nimekuwa mwalimu wa lugha maisha yangu yote, na bado siwezi kukuwekea mstari na kukuambia kwamba huku ni halali na kule ni haramu. Ninachojua ni kidogo. Ukitaka kuuona mzaha ulivyo, usiwatazame wanaocheka. Mtafute asiye na ruhusa ya kujibu. Kisha mtafute anayecheka kuliko wote, kwa maana yeye amesikia kitu kingine ndani ya mzaha huo. Amesikia kwamba mkubwa amemruhusu.

Sijui Zuberi ni mtu wa namna gani. Huenda ni mwanamume mwenye kinywa tu. Sitamhukumu kwa kicheko. Lakini Monika anamjua kuliko mimi na wewe, amesafiri naye, na amekuomba jambo moja. Hakukuambia sababu yake. Labda alitaka kukuambia mkiwa pembeni, baada ya kuona utalipokeaje ombi lenyewe. Ameona ulivyolipokea. Sasa hatakuambia, na usijidanganye kwamba kutosikia kwako ni dalili kuwa hakuna cha kusikia. Na huko mnakokwenda, boti ikishapinda kona moja ya mkondo, hapana nyumba, hapana njia, hapana simu inayoshika. Ni maji, mikoko, na mwenye kushika usukani.

Hakuna lililoharibika bado. Ninaliandika hili kwa mkono mzito, kwa sababu najua nafasi hii ilivyo adimu. Mimi sikuipata. Mimi niliamka jambo likiwa limekwisha. Wewe, ombi uliloombwa bado liko mezani.

Kwa hiyo nakueleza nitakalolifanya, ili lisikushtue. Kesho nitakuwa barazani kabla yenu. Monika atakuwa ndani na mama yako, na amekubali kutotoka mpaka aitwe. Nilimgongea mlango nikamwomba hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri aliacha kutabasamu. Utamwita wewe. Utamjibu mbele ya Zuberi, kwa kuwa ulimcheka mbele ya Zuberi, usimvute pembeni. Utasema kwamba safari zote za chanjo zitakuwa za watu watatu, na utamtaja huyo wa tatu kwa jina, kwani ahadi isiyo na jina ni namna nyingine ya kusema tuendelee na ajenda inayofuata. Huna haja ya kueleza zaidi wala kujidhalilisha. Zuberi ataelewa. Mtazame usoni unaposema, utajifunza kitu.

Kama hutaweza, gari liondoke na dawa, liondoke na wewe. Yeye atabaki nyumbani kwangu, na mimi mwenyewe nitampeleka kwa wakubwa wenu hapa Kibiti nikaeleze nilichokisikia barazani pangu. Nitakwenda kama shahidi. Sitakwenda kama baba yako.

Nilikuombea dua leo mbele ya watu, na radhi niliyokupa siiondoi. Mzazi hachezi na kitu hicho. Lakini mkono wangu wa kwaheri sitakupa mpaka umjibu.

Zuberi amesema atakuja mapema, kukiwa bado giza. Amka kabla yake.

Baba yako